Fahali wa Boma la Ndululu

Fahali wawili hukaa zizi moja vizuri tu, mradi wote wawili ni majike. Ndivyo walivyosema watu wa Kyuso juu ya boma la Ndululu mwaka ule wa 1981, na waliosema hivyo hawakucheka.

Fahali wa kwanza alikuwa Ndululu mwenyewe. Alikuwa mjane asiyebahatika kupata mtoto, basi akafuata desturi ya kale ya Wakamba: alitoa mbuzi na ng'ombe wa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, Muthoki, ili amzalie watoto wa kubeba jina la nyumba. Mbele ya ukoo Ndululu alikuwa mume, na watoto wa Muthoki walikuwa wake. Fahali wa pili alikuwa Katune, ng'ombe wake mwekundu, tasa kama bibi yake, mpole kiasi cha kuku kulala mgongoni pake. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Katune aligeuka. Akanguruma. Akachimba ardhi kwa kwato. Akawapanda majike wenzake kana kwamba amezaliwa dume.

Kisha jana, jua likichomoza, Mulei, shemeji yake Ndululu, alikutwa amekufa ndani ya zizi la Katune, ubavu umetobolewa.

"Hatuhitaji polisi kwa jambo hili, binti yangu," Mzee Kisilu alimwambia Inspekta Nthenya. Walikuwa wamesimama kwenye baraza ya kambi ya chifu. Kisilu alikuwa mzee wa kanisa na mkubwa wa ukoo wa Mulei. Shati lake lilipigwa pasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mnahitaji nini, mzee?"

"Neno moja tu. Kutoka kwa mtu wa nyumbani kwa Ndululu."

Nthenya alikuwa Mkamba, hakuhitaji kufafanuliwa. King'ole. Bibi yake alikuwa akilitamka neno hilo huku akitazama mlango. Zamani, ukoo ulipokubaliana kwamba mtu ni mchawi, haukumgusa mpaka jamaa yake wa karibu atamke kwa kinywa chake: mchukueni. Mkoloni alipiga marufuku, serikali ya uhuru nayo ikapiga marufuku. Lakini marufuku ni ya karatasi, na Kyuso ni mbali na mahakama ya Kitui.

"Ndululu hana mtoto wa tumbo wala ndugu aliye hai," alisema. "Mtamwuliza nani?"

"Ana mke." Kisilu hakutabasamu. "Mnada wa ng'ombe ukiisha, tutakwenda kumwuliza mke wake."

"Na Muthoki akikataa?"

"Anayekataa kumtoa mchawi huulizwa amejifunza nini kwake."

"Mzee, wewe ni mtu wa kanisa."

"Na Biblia naijua kukushinda. Tafuta humo, uone wachawi wanavyotendewa." Akavaa kofia yake. "Nyumba ambayo mwanamke ni mume, ng'ombe jike naye amekuwa dume, na mwanamume wa kweli ameuawa. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Akashuka ngazi taratibu, akielekea mnadani.

Chifu alikuwa ameondoka na gari la pekee kwenda Mwingi kuleta askari. Walibaki Nthenya, Konstebo Ndolo, na bunduki moja ambayo Ndolo aliishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Ndululu walikuwa wamemfungia kwenye ghala la mahindi ya msaada, kwa sababu ndilo lililokuwa na mlango wa chuma.

Nthenya alimwachia funguo karani wa chifu, akamwamuru asimfungulie hata Yesu. Kisha akamwita Ndolo, wakaelekea bomani kwa Ndululu.

Katune alikuwa peke yake zizini. Ndolo alisimama nje ya ua wa miiba.

"Ingia," alisema Nthenya.

"Afande, mimi nina mke mchanga."

"Na mimi nina mama mzee. Shika bunduki vizuri basi."

Akaingia. Ng'ombe aliinua kichwa. Alikuwa mkubwa kuliko alivyoonekana kwa mbali, na shingo yake ilikuwa bado nene, isiyolingana na kiwele kilichosinyaa. Akatoa pumzi puani. Akapiga hatua. Miguu ilimwambia Nthenya kimbia, naye akaiambia kaa. Katune akaja mpaka karibu, akamnusa mkono, akaanza kuramba chumvi ya jasho kwenye mkono wa sare.

"Mungu wangu," Ndolo alinong'ona. "Amekuroga wewe pia?"

Nthenya alikuwa akitazama pembe. Zilijikunja kwa ndani, zikakaribia kukutana kama mikono ya mtu aliyekumbatia mtungi. Jana zahanatini alikuwa ameinua shuka na kuuona ubavu wa Mulei kwa macho yake: tundu moja, la duara, lililoingia moja kwa moja kama kigingi. Pembe za Katune zingeweza kumvunja mtu mbavu. Kumtoboa hivyo, hapana.

Akapapasa shingo. Chini ya ngozi kulikuwa na vivimbe vigumu, vimepangana. Makovu ya sindano, yote ya zamani.

Akainama kutazama ardhi. Dume akitaka kupigana hutangaza. Huchimba, hurusha vumbi begani, huonyesha ubavu. Kando ya ua kulikuwa na mashimo ya namna hiyo, lakini samadi ilikuwa imekaukia ndani yake na mchwa walikuwa wamekwisha kujenga. Mahali alipokutwa Mulei hapakuwa na shimo hata moja. Palikuwa pamefagiwa.

"Ndolo, kwenu mnafagia zizi la ng'ombe?"

"Kwa kazi gani?"

Muthoki alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mtoto mgongoni, akiwatazama. Mwanamke mwembamba, mikono mirefu yenye mishipa ya kuchota maji kwenye mchanga wa mto.

"Ulifagia wewe, mama?" Nthenya aliuliza.

"Nilifagia mimi, afande. Kulikuwa na damu. Watoto wangepita wapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Lilitoka haraka mno, lakini lilikuwa zuri.

"Nani humpiga Katune sindano?"

Hapo Muthoki alishangaa kwa kweli. "Kivuva. Yule wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alisema ni dawa ya minyoo. Kwani nini?"

Huko mnadani mtu alianza kupiga debe tupu. Hakupiga kwa mdundo wa ngoma. Alipiga mara moja, akanyamaza, akapiga tena, kama anayewaita watu.

Walimkuta Kivuva kwenye chumba chake cha kazi nyuma ya josho, akipanga nguo kwenye sanduku. Kijana wa cheti, miwani, kalamu mfukoni. Alipoona sare alikaa kitandani bila kuambiwa.

"Safari ya wapi?" aliuliza Nthenya.

"Emali. Shangazi yangu ni mgonjwa."

"Atapona. Ulimpa Katune nini?"

Kivuva alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Homoni. Homoni ya dume."

"Eleza kama unayemweleza mtu asiyekwenda chuo chako."

"Mbegu za fahali zinakuja kwenye mtungi wa baridi, afande. Ukikosea siku, umezimwaga bure. Lazima ujue jike yupi ana joto leo. Dume ndiye hujua, lakini dume atampanda mwenyewe, kisha kazi yangu ni nini? Basi unachukua jike asiyezaa, unampiga sindano hiyo. Anawatafuta wenye joto, anawapanda bila kuwatia mimba. Mimi natazama, nakuja na mrija wangu. Si mimi niliyebuni. Inafanyika penginepo."

"Ndululu alijua?"

"Ningeanzaje?" Sauti yake ilipanda. "Umwambie bibi ambaye watu tayari wanamwita mume kwamba unamgeuza ng'ombe wake dume? Nilisema ni ya minyoo. Niliona ni rahisi."

"Rahisi," Nthenya alirudia. Debe lilisikika tena, na safari hii la pili lilijibu. "Nani alimfundisha Katune mambo ya dume? Amekua na mitamba."

"Hafundishwi. Hilo ndilo watu hawalielewi." Kwa muda mfupi Kivuva alisahau kuogopa. "Njia zimo ubongoni mwake tangu akiwa tumboni, zimelala tu. Homoni inapita kwenye damu, inafika kichwani, inaziamsha. Wengine hudhani ni mambo ya misuli na shingo. Kichwa ndicho hubadilika kwanza. Alichokuwa akikiogopa hakiogopi. Asichokuwa akikitaka anakitaka."

"Na ukiacha kumpiga?"

"Hupoa. Pole pole, lakini hupoa."

"Makovu yake ni ya zamani. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Kivuva alitazama sanduku lake.

"Kivuva."

"Kabla ya Krismasi."

"Na sasa Februari inaisha. Kwa hiyo jana Katune alikuwa nani?"

"Ng'ombe," alisema kwa sauti ndogo. "Ng'ombe wa kawaida. Wiki hizi hata kupanda hapandi."

Ndolo aliguna. Kyuso nzima ilikuwa ikimwogopa mnyama aliyekwisha kurudi nyumbani.

"Dawa iliisha?" Nthenya aliuliza.

"Iliisha."

"Iliishaje, na ng'ombe hakupigwa?"

Mkono wa Kivuva ulipanda wenyewe kwenye kola ya shati. Nthenya aliinama, akaifungua kola ile kwa vidole viwili. Chini yake kulikuwa na alama za vidole, zimeanza kugeuka manjano.

"Nani?"

"Mulei."

"Yule mwimbaji wa kanisani? Yule aliyekuwa akimwamkia hata mbuzi?"

"Huyo huyo. Mkewe alimkimbia, vijana wakawa wanamcheka sokoni. Akamwona Katune. Akaja hapa akaniuliza, kama inafanya hivi kwa jike, itamfanya nini mwanamume?" Kivuva alifunga kola yake. "Alinibembeleza, afande. Nikampiga moja. Akaja tena akanibembeleza. Kisha siku moja akawa habembelezi tena."

"Ulimpiga mtu dawa ya ng'ombe. Kwa kipimo cha ng'ombe?"

"Mwisho alikuwa akijipiga mwenyewe. Alichukua chupa zote. Alikuwa hapati usingizi, anatembea tu. Ukimtazama, umemtukana. Ukitazama kando, umemdharau. Hakuweza tena kupima: hili dogo, hili kubwa, hili la hatari. Yote yalikuwa sawa kwake, yote alitaka kuyapiga kichwa."

"Na alisema nini juu ya boma la Ndululu?"

Kivuva alifumba macho. "Kwamba nyumba ya marehemu kaka yake haiwezi kukosa dume. Kwamba atakwenda kumchukua Muthoki, awe mke wake."

Nthenya alifunga sanduku lile, akaliweka kando. "Utayasema haya mbele ya watu."

"Wataniua!"

"Basi tembea katikati yetu."

Walipita kambini kwanza. Karani alikuwa ametoroka na kuacha funguo kwenye kufuli. Ndululu hakuwa ametoka. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kwenye kinu.

"Susu," Nthenya alisema, kwa neno la Kikamba la kumwita bibi, "mlango ulikuwa wazi."

"Niende wapi? Nikitoka watakwenda nyumbani kwangu. Nikikaa, watakuja hapa." Alikuwa na meno machache na macho makavu. "Andika kwamba nimeua mimi. Kwa uchawi, kwa ng'ombe, chagua mwenyewe."

"Mtaimbo wenu uko wapi?"

Kama Nthenya angeuliza habari za jembe au panga, bibi yule angejibu. Lakini aliuliza mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya nguzo, mrefu, wa duara, wenye ncha, wa kulingana na tundu la Mulei. Ndululu alitazama magunia. Akatazama dari.

"Mtu wa nyumba yangu ana watoto wadogo," alisema mwishowe. "Mimi nimekwisha kula mahindi yangu yote, na haya ni ya msaada. Niache niende, mjukuu wangu. Usiwe mjinga na elimu yako."

Nje, madebe yalikuwa yamenyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndolo alichungulia, akarudi akiwa na midomo ya kijivu.

"Mnada umekwisha, afande. Hawaji huku. Wanakwenda kwa Muthoki."

Walipofika, ua ulikuwa umejaa. Wanaume wa mnadani wakiwa bado na fimbo zao za kuswagia, wanawake nyuma wamefunga kanga viunoni. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja alikuwa amebeba mtungi wa mafuta ya taa, ameushika kwa adabu kama aliyetumwa dukani. Katune alikuwa akicheua zizini. Mbele ya jiko Muthoki alisimama mtoto mgongoni, wawili wamemshika sketi, na Mzee Kisilu alikuwa mbele yake amevua kofia.

"Tunakuuliza kwa heshima," Kisilu alikuwa akisema. "Wewe ndiwe mtu wa nyumbani kwake. Unamtoa, au humtoi?"

"Ngojeni!" Nthenya alipita kwa mabega. Mtu alimkanyaga, mwingine akamvuta mkono. Alihisi joto la pumzi zao shingoni. Akamsukuma Kivuva mbele. "Sema."

Kivuva alisema. Mwanzoni hakusikika, mtu akamwambia apaze sauti, akapaza, ikapasuka. Alisema juu ya mrija, juu ya sindano, juu ya uongo wa minyoo. Alipofika kwa Mulei akashindwa, Nthenya akamalizia. Ua ulitetemeka kwa minong'ono.

"Kwa hiyo si uchawi?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Sindano ya ng'ombe ndani ya Mulei!" mwingine akasema, na kicheko kimoja cha woga kikakatika njiani.

"Maneno ya polisi," alisema yule mwenye mtungi. "Mulei amekufa, sindano au si sindano. Ng'ombe ni wa nani? Wa Ndululu. Zizi ni la nani? La Ndululu. Mzee, uliza swali lako."

Umati ulisonga hatua moja. Ndolo akainua bunduki, na kila mtu pale aliona jinsi mtutu ulivyokuwa ukicheza. Nthenya alijua kwamba risasi ya kwanza ingekuwa ya mwisho, na kwamba baada yake hawangemwuliza yeyote lolote.

"Katune hakuua," alisema. Alijitahidi sauti isimsaliti. "Tundu la Mulei ni la duara na limenyooka. Zitazameni pembe zile, nyinyi ni watu wa ng'ombe." Wakatazama, hawakuweza kujizuia. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa mbele ya jiko. "Muthoki. Mtaimbo uko wapi?"

Muthoki hakushtuka. Alimtazama inspekta, akautazama mtungi wa mafuta, akamtazama Kisilu.

"Mzee, umeniuliza kama ninamtoa."

"Nimekuuliza."

"Simtoi. Mtaimbo uko chooni, ndani ya shimo. Niliutupa mwenyewe."

Vichwa vikageuka kutazama choo.

"Alikuja wakati napuliza moto," Muthoki alisema. "Alipiga mlango teke ukang'oka. Utazameni, ule pale, nimeuegemeza tu. Akasema mwanamke hawezi kuwa mume wa mtu, sasa mume amekuja. Nikamwambia, shemeji, nenda kalale. Akamshika huyu mkubwa kwa mguu, akamtupa ukutani kwa sababu alikuwa akilia. Mtaimbo ulikuwa nyuma ya mlango. Nikauchukua."

"Kwa nini zizini?" aliuliza Nthenya.

"Ng'ombe hafungwi jela, afande. Wote walikuwa wakisema Katune ni fahali mbaya. Nikaona, waacheni waseme ni yeye, watamchinja, basi. Mwaitu alikuwa mtoni. Aliporudi hakuniuliza kitu." Alipolitamka neno hilo la Kikamba la kumwita mama, akimtaja Ndululu, sauti yake ilitikisika kwa mara ya kwanza. "Sikujua kwamba mtamwacha ng'ombe mumtafute mwenye ng'ombe."

Yule mwenye mtungi aliuweka chini. Mchawi ni wa ukoo kumwondoa. Mwuaji ana damu mikononi na njia yake inajulikana, ni ya mahakama na ya ng'ombe wa fidia. Watu walianza kutazamana, kisha kutazama miguu yao. Wale wa nyuma waliondoka kwanza.

Kisilu alibaki. Alikuwa amezeeka ghafla, kofia ikizunguka mikononi mwake.

"Mwanangu," alimwambia Muthoki, "yule hakuwa Mulei. Umesikia, ilikuwa dawa. Mulei tuliyemjua alikuwa mtu mpole."

"Katune alipigwa dawa hiyo hiyo," alisema Muthoki. "Hakuvunja mlango wa mtu."

Maneno ya Kisilu yalitoka kama ya mtu anayefunga ibada.

"Ndululu atarudi nyumbani leo. Nimelisema mimi, na limekwisha. Wewe utakwenda na serikali. Lakini ukoo haupendi kuzika na kinyongo. Omba msamaha, mama. Mbele ya ukoo na mbele ya Mungu. Useme ulipotewa na akili, nasi tutakusemea Kitui."

Nthenya alikuwa ametoa pingu. Alimkaribia Muthoki, akashusha sauti. "Mkubalie. Hakimu husikia neno kama hilo. Linaweza kupunguza miaka."

Muthoki alifungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akampa mwanamke wa jirani. Akanyoosha mikono yake mirefu mbele.

"Akili yangu ilikuwepo," alisema. "Ilikuwepo yote. Siombi msamaha kwa ukoo. Siombi kwa Mungu, alikuwa akiona. Wala kwako, afande, siombi. Funga."